Shule Nzuri, Nzuri Vipi?

Saa kumi na moja alfajiri hapa kijiweni kwetu Tandika giza bado zito. Muuza kahawa ndiyo kwanza anapuliza makaa chini ya dele lake, sisi wengine tumejikunyata kwenye benchi, na basi la njano linakata kona pale kwenye kibanda cha miamala na kupiga honi mara mbili. Kichochoroni anatoka mama, mtoto begani. Mtoto amelala fofofo. Ana miaka minne. Kavishwa sweta, soksi nyeupe zimevutwa mpaka magotini, na begi lake, ambalo kalishika mama, ni pana kuliko mgongo utakaolibeba. Dada wa basi anampokea, anampachika kiti cha dirishani, kichwa kinaegemea kioo, basi linaondoka naye hajafumbua jicho. Atazungushwa mitaa mingine kukusanya wenzake, afike shuleni jua limeshatoka.

Fundi cherehani akasonya. Msonyo mrefu, ule unaoanzia meno ya nyuma.

"Mama," akamwita yule mama kwa upole, "huyu mtoto usingizi wake anaumalizia wapi?"

"Humo humo kwenye basi, baba. Nifanyeje? Shule yenyewe nzuri."

"Nzuri vipi?"

Mama akasita. "Wanaandikishwa sana. Ana madaftari matano, yote yamejaa." Akaaga, akarudi ndani kujiandaa na kazi.

Swali la Fundi likabaki pale kwenye benchi, na tumekaa nalo mwezi mzima sasa. Nzuri vipi? Kasema nani, na kapima kwa kitu gani?

Kila mtu hapa ana kipimo chake. Kijana wa bodaboda anasema Kiingereza: mtoto akishaanza kuhesabu "wani, tuu, thirii" mbele ya wageni, ada imeonekana. Mama Lishe, anayechoma vitumbua pembeni yetu, hataki kusikia habari za lugha. Kwake yeye mahali pazuri ni pale ambapo mtoto anarudi jioni kala, hana mchubuko usioelezeka, na kesho yake asubuhi hang'ang'anii kanga ya mama. Fundi mwenyewe anayajua haya kwa upande wa cherehani, maana kila ukikaribia mwisho wa mwaka analetewa oda za majoho ya mahafali ya chekechea. Joho, kofia na shada lake, kwa mtoto wa miaka mitano. Anasema wazazi wanakuja kulipia joho wakati hata jina la mwalimu wa mtoto hawalijui, na kila akizungusha futi kwenye vile vibega anaona uchungu.

Mwalimu mstaafu alikuwa kimya muda wote. Huyu alifundisha madarasa ya chini kwa zaidi ya miaka thelathini, na hapa kijiweni akifungua mdomo watu wanaacha bao. Akasema, "Vyote mnavyovitaja ni vitu mnavyoviona mkiwa getini. Basi, sare, ubao wenye jina la shule, madaftari yaliyotoka, joho lililotoka. Mtoto hajifunzii getini."

Neno hilo lilinigusa pabaya, kwa sababu mimi ni mmoja wa watu wa getini.

Binti yangu alipotimiza miaka minne nilimpeleka shule moja ambayo sitaitaja. Nilipokwenda kuiangalia nilionyeshwa bembea, vyoo vya marumaru, chumba cha kompyuta. Nikaridhika, nikalipa. Muhula wa pili akarudi na karatasi. Walichorewa ndizi wapake rangi. Yeye kapaka kijani. Kaipaka kwa juhudi kabisa, hajatoka nje ya mstari, na kwenye kikonyo kaongeza kidoa cheusi. Juu yake kuna kosa kubwa jekundu, na pembeni pameandikwa kwamba ndizi ni ya njano. Mtoto huyu kwao ndizi ni zile anazomenya bibi yake Jumapili kwa ajili ya nyama. Za kijani, na utomvu wake mweusi unabaki kwenye kisu. Alichora alichokijua. Nikamuuliza mbona hajaniambia habari za ile karatasi, akasema, "Sijui kuchora." Kabla ya hapo alikuwa anachora mpaka ukutani kwa mkaa.

Nilikwenda kumwona mwalimu nikiwa nimefura. Nikamkuta msichana mdogo, mchovu, mwenye rundo la madaftari mbele yake refu kuliko birika. Hakujitetea. Aliniambia, "Baba, wazazi wakija jioni wanafungua daftari. Wasipokuta vema na kosa wanakwenda ofisini kuuliza mtoto amefundishwa nini. Mimi nasahihisha kila kitu." Hasira yangu ikaisha pale pale. Yule binti alikuwa anatupa sisi wazazi kile tulichokuwa tunakikagua. Tungekuwa tunauliza mtoto kacheka na nani leo, kauliza nini, kajaribu nini kikamshinda, huenda angekuwa na muda wa kuuliza ile ndizi mbona ya kijani.

Sasa msidhani ni wazazi tu. Serikali nayo kwa miaka mingi ilihesabu vya kuhesabika, na haikukosea kuanza hapo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, isipungue mwaka mmoja, kwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Januari 2016 ada ikaondolewa. Mnajua kilichotokea: watoto waliokuwa wanashinda jikoni na uani wakaletwa shule. Mwaka mmoja tu idadi ya watoto wa darasa la awali ikaruka kutoka milioni moja na kidogo mpaka zaidi ya milioni 1.5. Ni jambo la kujivunia, nalisema bila kigugumizi. Lakini mwongozo unataka mwalimu 1 kwa watoto 25, na darasa la awali la shule nyingi za umma halijawahi kuiona hiyo 25. Wamo watoto sabini, themanini, mia na zaidi, kwenye chumba kimoja, wengi wao sakafuni, na mara nyingi mwalimu aliyepangiwa kule hakusomea wadogo kabisa. Kapangiwa kwa kuwa ni mgeni, au kwa kuwa mkuu wa shule anaamini kufundisha vidudu ni kazi nyepesi.

Kazi nyepesi! Mwalimu aliposikia hivyo akagonga meza ya bao mpaka kete zikaruka. "Mtoto wa darasa la saba akichoka anakwambia mwalimu nimechoka. Wa miaka minne anamng'ata mwenzake. Wewe ndiye wa kujua kwamba kule kung'ata maana yake njaa."

Pengo hili la sera na darasa limeandikwa na watu wetu wenyewe. Mwaka 2010 Lyabwene Mtahabwa, aliyekuja kuwa Kamishna wa Elimu, alichapisha pamoja na Nirmala Rao wa Hong Kong utafiti wa madarasa ya awali ya mjini na kijijini hapa Tanzania. Waliingia, wakakaa, wakatazama. Walichokikuta ni kwamba sera ni moja nchi nzima lakini ndani ya madarasa dunia ni mbili, na aliyeko kijijini ndiye anayeumia. Ni huyo huyo Mtahabwa ambaye mwezi Machi 2023, akiwa Kamishna, alitoa waraka wa kusitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Maana tulifika huko, jamani. Watu walikuwa wanapeleka bweni watoto ambao bado wanakojoa kitandani, na wanaita shule nzuri.

Halafu kuna suala la nani mwenye mtoto. Darasa la awali liko chini ya elimu. Kituo cha kulelea watoto mchana, hiki tunachokiita dei kea, kiko chini ya ustawi wa jamii, na kinasajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kliniki ni ya afya. Mtoto ni yule yule, tumbo lile lile, lakini anahesabiwa kwenye madaftari matatu. Ndiyo maana Desemba 2021 ilipozinduliwa ile programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, PJT-MMMAM, wengi tulipumua. Inamtazama mtoto tangu mimba mpaka miaka 8, na imeweka pamoja afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Hilo neno "malezi yenye mwitikio" mtu akilisikia mara ya kwanza linaonekana la semina. Maana yake ni jambo ambalo bibi zetu walilijua: mtoto akikuita, itika. Akikuonyesha sisimizi, mtazame sisimizi.

Na je, kuitika kunapimika? Hapa ndipo kijiwe kiligawanyika. Kijana wa bodaboda alisema huwezi kupima mapenzi. Mwalimu akasema mapenzi huwezi, lakini unaweza kuhesabu mtoto kaitwa jina lake mara ngapi.

Wenye taaluma walishaifanyia kazi hoja hiyo. Mwaka 1980 Thelma Harms na Richard Clifford, wa Chuo Kikuu cha North Carolina kule Marekani, walitoa kipimo cha mazingira ya mtoto mdogo ambacho alama zake zinaanzia 1 mpaka 7. Anayepima haulizi bembea ngapi na kuondoka. Anaketi darasani saa nyingi, anatazama mtoto anavyopokelewa asubuhi, mikono inavyonawishwa, mlo unavyoliwa, nani anazungumza na nani, mtoto akitaka kuchezea kitu anakifikia mwenyewe au kimefungiwa kabatini kisichafuke. Hilo la kabati linanikumbusha ile shule ya binti yangu: midoli mizuri kabisa, imepangwa juu ya rafu ambayo mtu mzima ndiye anaifikia. Baadaye akina Robert Pianta wakaja na kipimo kingine kinachotazama zaidi mazungumzo: mwalimu anajali, anapanga muda vipi, na maswali yake yanamfanya mtoto afikiri au arudie tu.

Mtu atasema hayo ni ya Wamarekani wenye watoto kumi na watano darasani. Basi tupande basi mpaka Mombasa.

Mwaka 1986 wazazi wa Kiislamu wa pwani walikuwa na kilio chao. Watoto wao walikuwa wanaachwa nyuma wanapoanza shule, na hawakutaka elimu itakayowatoa kwenye dini na lugha yao. Kwa msaada wa Shirika la Aga Khan, Bi Swafiya Said akaanzisha pale Mombasa shule za awali ndani ya madrasa. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa ule ule, wakafundishwa, wakafuatwa madarasani wiki baada ya wiki. Vifaa vilikuwa vifuu, makombe ya baharini, mbegu, vipande vya vitambaa, vitu ambavyo mama yeyote anavyo. Mwaka 1990 wakavuka Zanzibar, mwaka 1993 wakafika Uganda. Na walikubali kupimwa. Kipimo cha akina Harms kikarekebishwa kifae mazingira ya huku, na Peter Mwaura pamoja na Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg wakawafuata watoto wa nchi zote tatu. Walichochapisha mwaka 2008 kilionyesha kwamba mtoto aliyepita shule ya awali, iwe ipi, alikuwa mbele ya aliyebaki nyumbani, na yule wa madrasa hizi akawa mbele zaidi. Vyoo vya marumaru havikuwepo. Kilichokuwepo ni mtu mzima aliyefundwa kuketi chini na mtoto, na mtu mwingine aliyekuwa anakuja kumsaidia aketi vizuri zaidi.

Habari hii niliisimulia kijiweni Jumanne moja. Alhamisi yake Mwalimu akaniambia nivae viatu, tunakwenda kutazama.

Tulikwenda shule ya msingi ya umma, nayo siitaji, mwalimu mkuu alitukubalia tukae nyuma. Chumba kimoja, madirisha ya nondo, mikeka mitatu. Nilianza kuhesabu watoto, nilipofika sabini wengine wakahama nafasi nikaacha. Mwalimu wa darasa ni mama wa makamo, kilemba cha kitenge, sauti imekauka. Mwalimu wangu akatoa mfukoni kibiriti, akamimina vijiti vyote kiganjani. Akaninong'oneza: "Kila akitoa amri, kijiti kinakwenda mfuko wa kushoto. Kila akiuliza swali ambalo jibu lake yeye mwenyewe halijui, kijiti kinakwenda kulia."

Amri zilimiminika, na zisingeacha kumiminika kwa watoto sabini. Kaeni. Nyamazeni. Simama. Tamka. Mfuko wa kushoto ukawa unajaa. Moyoni nikasema hapa tumepoteza asubuhi.

Kisha akawagawa. Kundi la dirishani likapewa mchanga kwenye sufuria kuukuu, la katikati likaenda na msaidizi, dada aliyekuwa anajitolea, kuimba nje, na kundi la karibu yetu likapewa vizibo vya soda. Mvulana mmoja, hana vifungo viwili vya shati, alivipanga vyake mistari miwili, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Mwalimu wa darasa akapita, akarudi, akachuchumaa. Alichuchumaa kabisa, mpaka macho yao yakawa sawasawa.

"Hivi umevipangaje?"

Mtoto kimya. Mimi ningekuwa nimeshajibu kwa niaba yake. Yule mama akangoja. Nje wanaimba, kwenye mchanga wawili wanagombana, yeye anangoja.

"Hivi vya kuuza," mtoto akasema, "hivi vimeharibika."

"Umejuaje vimeharibika?"

Akamgeuzia kimoja: kimejikunja ukingoni. "Hakikai kwenye chupa."

"Na vya kuuza ni vingapi?"

Akahesabu, akafika saba, akarukia tisa. Hakukosolewa. Akaambiwa, "Tuvihesabu tena pamoja, mimi nashika, wewe unasema." Nikasikia kijiti kinadondokea mfuko wa kulia, na kingine.

Tulipotoka tukavimwaga juu ya tofali. Kushoto arobaini na moja, kulia sita. Nikasema sita ni vichache. Mwalimu akanikatiza, na nilimwona machozi yanamlengalenga. "Sita, kwa watoto sabini, sauti hana, na hakuna aliyemwambia afanye. Mpe watoto ishirini na tano uone." Hapo ndipo nilipoelewa vile vinavyohesabika na vile visivyoonekana vinavyoshikana. Idadi ya watoto kwa mwalimu peke yake haifundishi mtu, kuna madarasa ya watoto kumi na wawili ambayo mfuko wa kulia unatoka mtupu. Lakini ukimjazia mtu sabini unamnyang'anya nafasi ya kuchuchumaa, na yule mama anaiiba nafasi hiyo kwa nguvu zake mwenyewe, kila siku, kwa mshahara ule ule.

Vijiti vya kibiriti si utafiti, najua. Wapo wenye vipimo vya uhakika zaidi. Tangu mwaka 2014 UNESCO, UNICEF, Benki ya Dunia na Taasisi ya Brookings wamekuwa na mpango unaoitwa MELQO, wa kupima mambo mawili kwa pamoja: mtoto amefikia wapi, na darasa analokaa likoje. Tanzania ni mojawapo ya nchi ambako vipimo hivyo vilirekebishwa na kutumika. Nalipenda hilo la kupima yote mawili, kwa sababu ukimpima mtoto peke yake, mtoto ndiye atakayebeba lawama. Utasikia huyu mzito, huyu arudie. Arudie nini, kwa miaka mitano?

Ila kuna jambo sitaki kulipita. Mwaka 1999 Gunilla Dahlberg, Peter Moss na Alan Pence waliandika kitabu wakihoji hata hilo neno ubora lenyewe. Walisema ukishaleta orodha moja ya dunia nzima umeshaamua mtoto ni nani kabla hujakutana naye. Hoja yao ilituchemsha. Mama Lishe aliuliza, hicho kipimo kinatazama kama mtoto anaamkia? Nikasema sidhani shikamoo imo kwenye orodha ya North Carolina. "Basi hakijakamilika," akasema, akageuza vitumbua. Namuunga mkono. Mtoto anayejua kumwamkia mzee, kumgawia mwenzake, kumwongoza mdogo wake kuvuka mtaro, amejifunza mambo makubwa, na sisi ndio wa kusema yaandikwe.

Na tuandike michezo yetu. Mtazame mtoto wa miaka sita akicheza mdako. Kokoto zimo shimoni, moja iko juu hewani, mkono unazoa tatu, unarudisha mbili, unaidaka ile ya juu kabla haijagusa chini. Hiyo ni kujumlisha, kutoa, kukadiria muda, na mkono unaokomaa kwa ajili ya kalamu. Mtoto huyo huyo tunamkalisha kwenye meza, tunamshikisha kalamu ya risasi vidole havijakaza, ajaze ukurasa mzima wa herufi a. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulisema michezo na kona za ujifunzaji. Ulikuwa mtaala wenye akili. Lakini kona za ujifunzaji hazitoki na mtoto kwenye basi la jioni, madaftari yanatoka. Mzazi haoni kona.

Dei kea za uchochoroni sitazisema kwa urefu, maana zinastahili siku yao. Nitasema hili moja. Hapa mtaani akina mama wa sokoni wanaacha watoto wa mwaka na nusu, miaka miwili, kwenye chumba kimoja chenye televisheni, na mlezi anabadilika kila baada ya miezi michache kwa sababu malipo hayamfikishi mwisho wa mwezi. Mtoto wa umri ule hahitaji mchoro wa Mickey Mouse ukutani. Anahitaji mtu mmoja anayemjua: anayejua kwamba akishika sikio ana usingizi, kwamba uji ukiwa wa moto mno hausogelei tena siku nzima. Ukimbadilishia mtu huyo mara tatu kwa mwaka, kila mara anaanza upya kujifunza kama dunia inaaminika. Afisa ustawi anayekuja kukagua usajili na kizima moto anafanya kazi yake, na moto kweli unaua. Namwomba aulize na swali la pili: huyu mlezi ana muda gani hapa, na analipwa nini.

Sasa yule mama wa mtoto wa basi la alfajiri. Wiki iliyopita, siku ya Jumamosi, alikuja mwenyewe kijiweni, jambo ambalo wanawake wa hapa hawalifanyi mara nyingi. Alisimama pembeni mpaka Mama Lishe akampa kigoda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimesikia mmekwenda kukaa darasani. Na mimi nimeomba ruhusa kazini Jumatano, niende kule kwa mwanangu. Nitazame nini?"

Mwalimu hakumpa vijiti. Alimwambia asitazame ubao wala madaftari, akae nyuma kimya, amtazame mwanawe peke yake kwa saa moja, kama vile anavyomtazama akiwa na homa. Nani anamsogelea. Anazungumza na nani. Akinyanyua mkono kinatokea nini.

Jumatano jioni akarudi. Shuleni walimwambia wazazi wanaishia mapokezi, alisubiri mpaka mkuu akamruhusu. Alikuwa bado na sare yake ya kazini, mkoba begani, na alizungumza akitazama chini.

"Darasa safi. Wamekaa wametulia, wanaandika. Mwalimu hajapiga mtu." Akanyamaza. "Saa nzima, mwanangu hakuitwa jina lake. Hakuna anayeitwa jina. Wanaitwa kwa rangi ya kiti. Alinyanyua mkono mara mbili. Mara ya pili mwalimu akasema, wewe wa bluu, shusha mkono, andika. Akaushusha, akaandika."

Sote tulimgeukia Fundi, maana hapo ndipo msonyo wake ulipokuwa uje. Hakusonya. Aliendelea kuzungusha kikombe cha kahawa kilichokwisha, na baada ya muda akamuuliza yule mama mwanawe anaitwa nani.

Akatutajia. Mama Lishe akalirudia jina lile kwa sauti ndogo, na muuza kahawa akalirudia, na Mwalimu naye.